Vipande vya sabuni vilivyobaki: namna ninavyovitumia, na ile ya maji iliyonikesha

Jamani, wiki iliyopita nilienda kumtembelea mdogo wangu, kapanga chumba Mbagala, naingia bafuni nakuta kwenye kisahani cha sabuni vipande kama saba hivi, vyembamba mpaka vinapitisha mwanga, vimegandana na vimeshika nywele, na pembeni sabuni mpya ishafunguliwa inatumika. Nikamuuliza, hivi unavifuga? Akajibu, "Dada, kuvitupa naona dhambi, kuvitumia vinaniponyoka." Nikacheka maana hilo ndo jibu la nyumba nyingi. Jioni ile tukakaa tukavimaliza vyote, na nilivyorudi nyumbani nikaona niandike, kwa sababu mimi nimeshahangaika na hivi vitu miaka kadhaa na kuna hatua moja hapa ilinila usiku mzima na chupa ishirini na kitu.

Niseme msimamo wangu mapema. Kama una vipande viwili vitatu, usiwashe jiko. Mambo ya kuyeyusha ni ya mtu mwenye vipande vingi, familia kubwa, au mtu kama shangazi yangu mwenye gesti. Wewe wa chumba kimoja hatua ya 2 na ya 3 zinakutosha kabisa, nyingine soma kwa kujifurahisha tu.

Hatua ya 1: Kausha kwanza, na tenganisha

Tafuta kopo, litoboe matundu chini, weka dirishani. Mi natumia kopo la Blue Band la zamani. Kila kipande kikishakuwa cha kuponyoka mkononi kioshe nywele zitoke, kitupie humo, kikae hata wiki kikauke. Usifungie vipande vibichi kwenye kopo lenye mfuniko, vinatoa jasho na vinanuka vibaya.

Makopo yawe mawili. Moja la sabuni za kuogea, moja la sabuni za kufulia, yaani mche. Sabuni ya mche inatakatisha vizuri ila kwenye ngozi ni kali, ukichanganya kipande kimoja tu cha mche kwenye za kuogea umeharibu kopo zima. Sabuni za dawa, zile za fangasi au za upele alizopewa mtu fulani, wala usikusanye, mwenyewe amalizie au zitupwe.

Halafu kuna vile vipande vya kuogea ambavyo ukisoma karatasi yake hawajaandika neno sabuni popote. Ni kweli, sio sabuni kwa maana ile ya mafuta na magadi, ni kemikali nyingine za povu zilizogandishwa. Kwenye dodoki vinafaa vizuri tu, ila kwenye kuyeyusha haviungani na wenzake, vinabaki mabuye mabuye. Viweke pembeni.

Hatua ya 2: Kubebesha mgongoni

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na haina gharama. Siku unafungua sabuni mpya, hicho kipande cha zamani kiloweke kwenye maji kidogo dakika mbili tatu kilainike, na sabuni mpya nayo ilowanishe uisugue na viganja mpaka itoe povu. Kipachike juu, pale penye shimo la jina la kampuni ndo pazuri, bonyeza na vidole gumba ukizungusha kingo zishikane. Kisha USIITUMIE. Iache ikauke usiku mzima. Watu wote wanaoniambia "kwangu haishiki" wameoga nayo dakika ileile. Ikikauka mpaka asubuhi kinashika kama mtoto kwenye mbeleko, na sabuni mpya ikiisha vinaisha pamoja.

Kama kipande kilishakuwa kikavu kabisa na kimepasuka pasuka, loweka muda mrefu zaidi, hata robo saa. Na upande uliojikunja ndo uukalishe chini.

Hatua ya 3: Dodoki au wavu

Chukua dodoki, lile la asili linalouzwa sokoni, sio la plastiki. Likate katikati kama unakata mkate, chokonoa ndani utoe zile mbegu na nyuzi za kati, sukumia vipande vyako vikavu humo, funga mdomo kwa uzi au kamba ya kiatu. Ukilowanisha tu linatoa povu lenyewe. Mdogo wangu hili ndo limemkaa, vipande vyote saba viliingia kwenye dodoki moja na nafasi ikabaki.

Hakuna dodoki? Ule wavu wa vitunguu saumu unafanya kazi, au soksi nyembamba iliyobaki moja baada ya mwenzake kupotea. Mi soksi sizipendi kwa sababu zinakaa na maji na zinaanza kunuka, lakini kwa kufulia kola na makwapa ya shati, soksi yenye vipande vya mche ndani hakuna kinachoishinda. Na iwe dodoki iwe soksi, ining'inie, isilale kwenye maji.

Hatua ya 4: Kukwangua

Kwa wale wanaoendelea. Greta ya karoti, upande wa matundu madogo. Nunua nyingine ya bei rahisi iwe ya sabuni tu maisha yake yote, na tafadhali sana usitumie mbuzi ya kukunia nazi, mimi nilifanya hivyo na wali wa wiki mbili ulikuwa una harufu ya waridi. Blenda pia hapana.

Vipande vikiwa vikavu sana vinaruka vumbi linalowasha pua, jifunge kitambaa.

Hatua ya 5: Sabuni ya maji (hapa tulieni)

Sasa hapa ndo penye kazi.

Desemba ya mwaka juzi shangazi yangu aliniletea mfuko wa vipande kutoka gesti yake, iko Chalinze barabarani, vyumba kumi na kimoja. Mnavijua vile visabuni vidogo vya gesti, mgeni anaoga mara moja asubuhi anaondoka, kinabaki karibu chote. Alikuwa amekusanya miezi, nikapima ikawa kilo moja na nusu. Akaniambia nitengenezee sabuni ya maji ya kudekia na kuoshea vyoo, maana huko ndo hela inaenda.

(Kabla hujaniuliza: sabuni iliyotumiwa na mtu usiyemjua mi simpi mtu aogee. Ni ya sakafu na vyoo tu. Kuna Mganda anaitwa Derreck Kayongo, familia yao ilikimbia nchi enzi za Idi Amin, baba yake alikuwa mtengeneza sabuni, yeye alipofika Marekani akashangaa hotelini kila siku unawekewa sabuni mpya na ya jana inatupwa. Mwaka 2009 akaanzisha Global Soap Project huko Atlanta, wakawa wanakusanya sabuni za hoteli, wanaziyeyusha wanazitengeneza upya, wanawapelekea wenye shida nchi mbalimbali. Lakini wale walikuwa wanapeleka sampuli maabara kabla ya kugawa. Mimi na wewe maabara yetu ni jiko la mkaa.)

Basi nikakwangua zote, masaa mawili, mkono ukaota lengelenge. Nikaweka maji lita 6 kwenye sufuria kubwa, nikamwaga sabuni yote, nikakoroga. Ikayeyuka. Nikaangalia, nyepesi, inatiririka kwenye mwiko kama maji, nikasema mbona haina uzito, hii shangazi atanicheka. Nikaongeza na vipande vya kopo langu mwenyewe. Bado nyepesi. Saa sita usiku nikachoka nikaijaza hivyohivyo kwenye chupa za maji ya kunywa, chupa ishirini na mbili, nikazipanga vizuri nikalala nimefurahi.

Asubuhi nageuza chupa, haitoki kitu. Naminya, hakuna. Imeganda ndani kama ubongo. Chupa zote 22. Ilibidi nizichane kwa kisu moja moja nitoe yale magogo meupe, watoto wakaja kuangalia wanadhani natengeneza keki.

Kosa liko hapa, na naomba mlielewe maana kila anayefanya mara ya kwanza analifanya: sabuni ikiwa ya moto inakudanganya. Sabuni za vipande, za kuogea na za kufulia, zimetengenezwa kwa kostiki soda, na hiyo asili yake inapenda kuganda. Za maji za asili zinatengenezwa kwa potasiamu, ndo maana zenyewe zinabaki laini. Kwa hiyo wewe ukiyeyusha kipande hujakigeuza kuwa sabuni ya maji, umekilainisha kwa moto tu, kikipoa kinakumbuka kilikotoka. Hutakiwi kuihukumu ikiwa jikoni. Ihukumu kesho yake.

Kipimo ninachotumia sasa: gramu 50 za sabuni iliyokwanguliwa, kavu, kwa lita 1 ya maji. Ya kudekia naenda mpaka gramu 30. Hesabu mwenyewe, kilo moja na nusu ya shangazi ilitaka lita 30, ndoo kubwa moja na nusu, mimi nikaipa lita 6! Huna mzani, soma uzito kwenye karatasi ya sabuni mpya, ikiwa ni ya gramu 100 basi rundo lako lilinganishe kwa macho na nusu yake, haihitaji usahihi wa duka la dawa. Ila viwe vikavu kweli, maana kipande kibichi nusu yake unapima maji.

Namna ya kufanya: chemsha theluthi ya maji yako, epua, mwaga sabuni kidogo kidogo huku unakoroga polepole na mwiko. Polepole. Ukiipiga kama mayai unapata povu la kujaza jiko na chini bado haijayeyuka. Ikigoma irudishe kwenye moto mdogo lakini usiiache ichemke, sabuni ikichemka inafurika kuliko maziwa, kwangu ilifurika ikazima mkaa wote na chumba kikajaa moshi. Ikishayeyuka bila mabuye, mimina maji yaliyobaki ya uvuguvugu kidogo kidogo, koroga, funika na kitambaa, nenda kalale.

Asubuhi utakuta moja kati ya matatu. Imekuwa nzito nzuri kama uji mwepesi, hongera, chuja weka kwenye chupa. Imekuwa maji maji, nayo sio mbaya, inasafisha vilevile, tatizo ni macho yetu yamezoea za dukani. Au imekuwa mlenda, unainua mwiko inavutika mpaka chini na haikatiki, na mkononi inatia kinyaa kidogo. Mlenda ndo unaowakatisha wengi tamaa wanamwaga. Usimwage. Irudishe jikoni, ongeza maji ya moto glasi moja, koroga, subiri tena ipoe. Bado? Glasi nyingine. Kijiko cha gliserini kwa lita kinaifanya iteleze vizuri zaidi, ile gliserini ya kupaka inatosha, ila sio lazima.

Ukitaka kupunguza kubahatisha, chota kijiko kimoja weka kwenye kisosi, kiingize kwenye friji nusu saa. Kikiganda kama jeli, sufuria nzima itaganda. Sio uhakika wa asilimia mia kwa sababu nyingine zinaendelea kuwa nzito mpaka siku ya pili, lakini ningelijua hili Desemba ile ningeokoa chupa 22.

Sasa yale mambo ambayo watu watakushauri kwa nia njema.

Chumvi. Jirani yangu anatengeneza sabuni ya maji ya biashara, anauza kwenye madumu, nilivyomlalamikia akaniambia dawa ni chumvi, mbona sisi tunaweka inakuwa nzito safi. Anasema kweli, ya kwake. Yeye anatumia sles na salfoniki, zile za kemikali, na kwenye hizo chumvi inaongeza uzito. Kwenye sabuni ya vipande chumvi inafanya kinyume. Niliweka vijiko viwili kwenye sufuria, ndani ya dakika chache sabuni ikajitenga ikapanda juu madonge madonge kama maziwa yaliyokatika, chini yakabaki maji. Viwandani wanafanya hivyo makusudi ili kutoa sabuni kwenye maji na gliserini, mimi nilikuwa nimeifanya kwa bahati mbaya saa nne usiku.

Maji ya kisima. Hili linafanana na hilo la chumvi na wengi wa Dar linatuhusu. Yale maji ya chumvi ambayo ukioga nayo sabuni haitoi povu, ndo hayohayo yataharibu sabuni yako ya maji, itaota utando mweupe na vichembe vinavyoshika kwenye ndoo. Tumia maji ya bomba yasiyo na chumvi, au ya mvua. Ya mvua ndo mazuri kuliko yote, kinga msimu wa masika ujiwekee dumu moja.

Limau na siki. Kila mtu anataka harufu ya limau. Usikamulie limau humo, uchachu unavunja sabuni inarudi kuwa mafuta mafuta, unapata uchafu unaoelea. Harufu iliyomo kwenye vipande inatosha, ukichanganya harufu tano za sabuni utapata moja ambayo haina jina ila inavumilika.

Jik usichanganye. Ya kudekia tumia sabuni kwanza, suuza, halafu Jik kivyake.

Na chupa yenyewe. Usihangaike na zile za pampu, hii sabuni inakaukia kwenye mdomo wa pampu na ndani ya wiki imeziba unaminya mpaka kidole kinauma. Chukua chupa ya kawaida, toboa kizibo na msumari uliopashwa moto, tundu moja, basi. Bandika karatasi uandike SABUNI, na kama nyumba ina watoto usiweke kwenye chupa ya soda wala ya juisi hata kama ndo iliyopo, maana ikiwa na rangi ya pinki mtoto ataifungua tu.

Usitengeneze ya kukaa miezi. Kipande kikavu hakiozi, ila ukishakiweka kwenye maji mengi hivyo ni habari nyingine, mi natengeneza ya wiki mbili, ikibadilika harufu namwaga chooni.

Hatua ya 6: Kutengeneza kipande kipya

Kama hutaki ya maji, hii inawezekana na ni rahisi kuliko ile. Sabuni iliyokwanguliwa weka kwenye sufuria ndogo, isimamishe ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, isiguse moto moja kwa moja. Kwa kila vikombe viwili vya sabuni nyunyiza vijiko vitatu vinne vya maji, sio zaidi, kila kijiko unachozidisha ni siku nyingine ya kusubiri ikauke. Geuza mara moja moja. Haitakuwa maji, itakuwa kama ugali uliolegea, na hivyo ndo inavyotakiwa, watu wanaongeza maji wakisubiri iyeyuke kabisa, haiyeyuki hivyo.

Ishindilie kwenye pakiti ya maziwa iliyokatwa au kikombe cha mtindi, gonga chini mezani hewa itoke, siku ya pili toa, kata, panga kivulini wiki tatu hivi. Itakuwa na mabaka na kingo mbaya. Sisi kwetu tunaiita chapati.

Vile visivyofaa popote

Kipande kikavu chembamba chenye ncha, mpelekee fundi cherehani, anachorea kitambaa na kinatoka kwenye maji bila kuacha alama. Zipu inayogoma isugue nacho pande zote mbili. Droo inayokwama, vivyo hivyo. Msumari unaoingia kwenye mbao ngumu, upitishe kwenye sabuni kwanza.

Na wanaopikia kuni: kabla ya kubandika sufuria, lowanisha kipande cha mche, ipake sufuria nje yote, chini na pembeni, utando mwembamba. Masizi yatashika kwenye sabuni badala ya kwenye sufuria, ukimaliza kupika unapangusa na maji tu linatoka lote. Paka nje. Nasisitiza nje kwa sababu kuna mtu kwetu, simtaji, alipaka na ndani, na tulikuwa na wageni.